Namba Iliyosomwa kwa Sauti Shambani

Baba yangu aliwahi kumuuza maksai mwekundu ambaye hakukubali kuuzwa. Mnunuzi alikuwa mtu wa Sigor, mrefu, wa maneno machache, alikuja kwa miguu akiwa na fimbo moja tu. Siku hizo hakukuwa na karatasi. Baba aling'oa nyasi, mtu wa Sigor naye akang'oa zake, wakazishika pamoja mbele ya majirani waliokuja kutazama. Baba akamtemea yule ng'ombe mate kidogo mgongoni, ya baraka, akamwambia aende salama. Basi, akawa wa mtu mwingine. Ungetaka kujua kama biashara ilifanyika, ungemuuliza yeyote aliyekuwepo, na angekuambia mpaka shati alilovaa mnunuzi lilikuwa limeraruka wapi.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja mama akatoka kwenda kukamua, akamkuta yule maksai amesimama langoni kwetu, kamba inaburuta, miguu imejaa matope. Baba akamrudisha Sigor mwenyewe. Akarudi tena. Mama akacheka, akasema huyu hakuambiwa kwamba ameuzwa, mliambiana nyinyi tu. Mwishowe baba akaenda naye akakaa huko, akala na kulala kwa mnunuzi, na kila kukicha anasimama na ng'ombe wake ndani ya boma geni, mpaka ng'ombe akazoea. Aliporudi nilimuuliza alikuwa akifanya nini siku zote hizo.

"Nilikuwa nimesimama tu," akasema.

Sijui kwa nini nimeanza na ng'ombe, nilitaka kuandika habari ya sahihi. Labda ni kwa sababu mimi nilikua nikijua kwamba kitu hakitoki kwa mtu mpaka watu wasimame hapo na miili yao, waonekane. Ukiwa umelelewa hivyo, mambo ya siku hizi yanakukuta umelala.

Kalamu na mimi hatukuzoeana. Shuleni nilikaa mpaka nikajua herufi, halafu chai ikaniita, nikazisahau kidogo. Kwa hiyo kila mahali walipotaka sahihi niliweka dole gumba. Karani anakushika kidole, anakiviringisha kwenye wino, anakiviringisha tena kwenye karatasi, taratibu, kama mtu anayesukuma chapati. Wino unaobaki unaupaka kwenye nywele. Nilikuwa na nywele wakati huo. Nilipenda jambo lile, niseme kweli, kwa sababu karani alilazimika kunishika mkono, na mtu akikushika mkono hawezi kusema kesho kwamba hakukuona.

Lakini chai inakula vidole. Utomvu wake unakauka kwenye ngozi, unakuwa mweusi, unapasuka, na kila siku unavunja majani mawili na chipukizi kwa ncha ya kidole, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile mistari midogo ya kidoleni inaisha. Marehemu mke wangu alikuwa akinigusa shavu nahisi kama nimeguswa na ubao. Naye aliniambia vivyo hivyo. Tulikuwa mbao mbili ndani ya nyumba moja, na tuliishi vizuri.

Nyumba yangu iko bondeni, karibu na mto, na network haishuki huko. Inaishia jikoni kwa binti yangu, juu kabisa kando ya barabara. Hata huko si jiko lote, ni msumari mmoja ukutani karibu na dirisha. Ukiisogeza simu hatua moja, imekufa. Kwa hiyo simu yangu, ile ndogo ya vitufe tunayoiita kabambe, ilikuwa inaishi kwenye huo msumari, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya moshi. Ikilia, aliye karibu anashika. Meseji ikiingia, aliye karibu anasoma, tena kwa sauti, maana mwenyewe niko chini kwenye majani na macho yangu hayaoni herufi za ukubwa huo. Ndivyo tulivyojua mchungaji ameitisha maombi, ndivyo tulivyojua shemeji yangu wa Kiptere amepata mapacha. Hakuna aliyeona aibu. Kwetu meseji ni kama salamu, na nani anaficha salamu.

Huyu binti yangu alikuwa ameolewa, mambo yakashindikana, akarudi nyumbani na watoto wake. Wako wanaomfukuza binti akirudi. Mimi nilimwonyesha ile sehemu ya juu kando ya barabara, yenye chai ambayo mama yake aliipanda, nikautembea mpaka wake kwa miguu huku yeye akinifuata nyuma, nikamwambia hapa ni pako. Akajenga nyumba ya mabati na hilo jiko. Karatasi hatukuandika. Nilikuwa nimetembea, nilidhani inatosha.

Kaka yake, mwanangu wa kiume, anaishi Sotik mjini. Niseme alikuwa anaishi. Ni kijana mwenye bidii, na mcheshi, akiingia nyumbani hata mbwa wanafurahi. Alikuwa anauza dawa za mifugo kwenye kibanda cha mtu mwingine, na siku zote alitaka duka lake mwenyewe. Aliponiuliza habari ya sehemu yake ya shamba nilimwambia ngoja. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Sikuwa na sababu, ni kwamba mtoto wa kiume unaona yupo tu, hana pa kwenda.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msimu ule watu wote wanaandikishwa kwa simu ili wapate mbolea ya serikali. Unaandikishwa, namba inaingia kwenye simu yako, unaenda nayo, unapewa mbolea. Kijana wangu akaja asubuhi kwa pikipiki, akasimama barabarani kando ya ua wa jiko la dada yake, na simu yake ile kubwa ya kioo. Akasema anatuandikisha. Kitambulisho changu alikuwa amekwisha kukipiga picha zamani, mbele na nyuma. Hiyo haikunishtua, kitambulisho changu kimepigwa picha kuliko bibi arusi. Kila mahali unapokwenda wanakitaka, kila karani anabaki na nakala, sijui wanazipeleka wapi.

Mimi nilikuwa chini kwenye majani na wachumaji wengine, kikapu mgongoni. Simu ikalia pale msumarini, binti yangu akaitoa kwenye nailoni. Akaniita kutoka juu.

"Baba, kuna namba imeingia. Nimsomee huyu ndugu yangu?"

"Msomee."

Akaanza kumsomea juu ya ua, namba moja moja, kwa sauti, kwa sababu lori la majani lilikuwa linapita. Na wachumaji, mnawajua walivyo, wakaanza kuidaka ile namba. Binti anasema saba, mstari mzima wa akina mama unaitikia saba. Anasema mbili, wanaitikia mbili. Mmoja akaniambia, mzee, ukipata mbolea nyingi na sisi utukumbuke, maana namba tunayo. Tulicheka. Kijana wangu naye alicheka pale juu, nilimsikia. Hicho kicheko chake mpaka leo bado nakipima, sijui kilikuwa cha namna gani.

Mbolea haikuja. Walikuja vijana wa kupima ardhi, na vigingi vyenye utepe mwekundu. Kigingi kimoja walikipigilia nyuma ya jiko la binti yangu, kingine katikati ya chai ya mama yake. Nikapanda mpaka kwao nikawauliza wamepotea njia au vipi. Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, akanionyesha kwenye simu yake mkataba wa kuuza hiyo sehemu, na chini yake jina langu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulala upande, mwandiko ambao sijawahi kuwa nao maishani. Akasema, "Ni sahihi yako, mzee. Ya kompyuta." Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliingia ndani, akaitoa simu kwenye msumari, akairudisha.

Tukaenda Sotik, mimi na yeye, kwa wakili aliyeandika ule mkataba. Ni mama wa makamo. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Nyeri wakafungua duka la nguo, naye akazaliwa hapahapa, na Kikipsigis anaongea kuliko wajukuu wangu. Alitusalimia chamgei, akatukaribisha chai. Nilipomwambia mimi sikuuza kitu, akageuza kompyuta, akaanza kusoma. Niseme, yule mama hakuwa mtu mbaya. Kila alichosema kilikuwa cha haki, na ndicho kilichonifunga zaidi.

Alisema hakukubali sahihi ile ovyo. Aliona picha ya kitambulisho. Namba ya siri ilitumwa kwenye simu yangu na ikajibiwa palepale. Halafu baadaye aliipigia namba ya mwenye shamba, mwanamume akajibu, naye wakili akamuuliza mwaka wa kuzaliwa na jina la mama yake mzazi. Akajibu yote bila kusita.

"Jina la mama yangu ni nani asiyelijua?" nikamwambia. "Huyo ni nyanya ya kijana wangu. Ndiye aliyemlea."

Wakili akaangalia meza. Akafungua ile meseji ya siku ile, akanitafsiria, maana ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema namba hii ni ya kutia sahihi mkataba, usimwambie mtu yeyote.

Nikamuuliza, "Kwani mtoto wangu ndiye mtu yeyote?"

Binti yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba hakufika hapo. Aliona namba, akasoma namba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asome.

Wakili akaeleza kwamba mkataba haujafika ofisi ya ardhi. Ninaweza kuupinga, lakini ikifika Ijumaa jioni mlango unajifunga wenyewe, na nyumba ya binti yangu inakwenda pamoja na ile chai. Kuupinga ni rahisi, akasema, mwenye sahihi anathibitisha kwamba yeye ndiye yeye, halafu anaikana. Akaleta kidude kidogo chenye mwanga wa kijani, nikaweka dole gumba. Kikalia vibaya. Nikapangusa kidole kwenye suruali, kikalia. Akaniletea maji na sabuni. Akajaribu vidole vyote, mkono huu na huu, na kila mara kinalia vile vile, kama mbuzi anayekataa kunyonywa. Kidude hakikuona mtu.

Tukaenda kwa uso. Akaniketisha mbele ya kompyuta, kuna duara, uso wangu lazima ukae ndani ya duara. Nisitoke. Nigeuke kushoto, nigeuke kulia, nipepese macho. Jicho langu moja lina mtoto wa jicho, halipepesi kama lingine. Na picha ya kitambulisho ni ya wakati nina meno na nywele. Nilikaa ndani ya lile duara kama ng'ombe kwenye njia nyembamba ya josho, mbele kuna dawa, nyuma kuna wengine, na kando zote ni mbao. Kompyuta ikaandika kitu chekundu. Wakili akasema, "Tujaribu tena, baba." Tulijaribu mpaka shingo ikauma.

"Lakini wewe si unaniona?" nikamwambia. "Niko hapa. Niguse mkono."

"Mimi nakuona, mzee. Ila nikikubali kwa sababu nimekuona tu, kesho ataingia mzee mwingine hapa, na yeye nitamwona. Hicho kidude kinakulinda."

Nikasema mbona hakikunilinda siku ile. Akakirudisha kidude kwenye droo, na sikumlaumu.

Ikabaki namba ya siri. Hapo ndipo tulipogundua kwamba baada ya sahihi kukubaliwa, namba yangu ya simu kwenye mkataba ilibadilishwa, ikawekwa ya kijana wangu. Sababu iliandikwa hapo, kwamba kwa mzee network ni mbaya. Na ni kweli ni mbaya. Ndiyo maana wakili alipopiga, alijibu yeye. Kwa hiyo angalieni nilivyokuwa. Nimekaa kwenye kiti, nina kitambulisho mfukoni, binti yangu ananijua, wakili ananijua, hata muuza mandazi nje ananijua, lakini ili nisiwe nimeuza, lazima nipate ruhusa kwa yule aliyeuza. Nilitaka kutoka nje nivute hewa nikaogopa, nikaona nikitoka kwenye hicho kiti nitakuwa nimepotea kabisa.

Binti yangu akampigia kaka yake. Nilidhani hatakuja.

Alikuja. Aliegesha pikipiki nje, mbele ya dirisha, akaingia na helmeti mkononi, akatusalimia wote, akaketi. Hakukana kitu. Alisema aliyenunua aliahidi kujenga maduka kando ya barabara, na chumba cha kwanza kingekuwa chake, cha dawa za mifugo. Dada yake angejengewa chini, karibu na mimi, alikuwa amekwisha kupanga. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu isipokuwa kutuambia.

Dada yake akamuuliza, "Ulishindwa kuniambia kwamba ninakusomea namba ya kunifukuza?"

"Ningekuambia ungesoma?"

"Ningeisoma polepole."

Kidogo nicheke. Ndivyo walivyokuwa tangu wadogo hawa wawili, wakigombana unaweza kuuza tiketi. Kisha kijana akanigeukia mimi, na hapo hapakuwa na mzaha.

"Baba, yeye ulimtembezea mpaka. Mimi uliniambia ngoja."

Nilimwambia tu kwamba jiko la dada yake haliondoki pale. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejua bei kabla ya kuuliza. Akatoa simu yake ile kubwa, akaiweka mezani, kioo juu. Wakili akabonyeza kwake, simu ikalia. Namba ikatokea.

"Dada, soma," akasema. "Kama siku ile."

Akasoma, namba moja moja, na hakukuwa na wa kuitikia. Wakili akaziingiza. Kompyuta ikanikubali. Ajabu, nilihisi kama nimefunguliwa kamba, kumbe ilikuwa kamba ya kwanza tu. Wakili akasema bado kuna swali moja, na kwa kuwa mimi sisomi vizuri, sheria inamtaka anisomee kwa sauti kila neno kabla sijakubali. Swali lilitaka kujua ni nani aliyetumia taarifa zangu. Kuna nafasi ya kuandika jina la mtu. Nikiandika jina, akasema kwa upole, bila kumwangalia kijana, linabaki humo, na aliyenunua anaweza kulipeleka polisi. Au kuna chaguo lingine, chini yake.

"Hilo lingine linasemaje?"

"Linasema humjui."

Nikamwangalia binti yangu, akaangalia sakafu. Nikaangalia mkono wa kijana wangu juu ya helmeti. Mkono wake ni laini, una mistari yote, kile kidude kingemkubali mara moja. Nilifikiri polisi, nilifikiri seli, nilifikiri mama yake. Nikaona nimepata mlango mdogo wa kumpitisha, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Weka hilo," nikasema.

Wakili akasogeza kiti karibu na kompyuta. Akasema, "Hili unachagua wewe, mzee. Mimi nasoma tu." Kisha akasoma, polepole, kwa Kiswahili safi, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba sikuelewa.

"Mtu aliyetumia taarifa zangu na kutia sahihi kwa niaba yangu simjui. Hana uhusiano wowote na mimi. Je, ni kweli?"

Ile sentensi ya pili sikuitegemea. Nilikuwa ndani ya kiti, uso uko ndani ya duara, na kompyuta inarekodi, inangoja sauti yangu. Kijana wangu alikuwa ananitazama. Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa ajili yake, lakini ningesema, ile mashine ingesikia.

"Ni kweli," nikasema.

Ikalia kidogo, sauti nzuri safari hii. Wakili akasema mkataba umesimamishwa, vigingi vitang'olewa. Binti yangu akajifunika uso na leso.

"Sawa, baba," kijana wangu akasema. Akasimama, akavaa uso wake wa kila siku, akasema anaangalia pikipiki nje, askari wa kaunti wasije wakaifunga mnyororo. Nikamwambia usikawie, tutakunywa chai pamoja. Simu yake ilibaki mezani, kioo juu, na ile namba bado iko.

Nilimwona dirishani. Alipita kando ya pikipiki bila kuigusa, akavuka barabara katikati ya wauza ndizi, akashika njia ya kwenda Kisii. Hakurudi.